Mberoshi wa Jeneza Langu

Houlong
Siku ya sita, mwezi wa tatu wa kalenda ya wakulima, 1987

A-Gen mwanangu,

Umekula? Usinijibu "nimekula" tu kama kawaida yako. Niambie umekula nini, na kama kulikuwa na nyama ndani yake. Nimempa dereva wa trekta fulana ya sufu akuletee, ile ya kijani. Usiseme joto limeanza. Joto la mwezi wa tatu ni la kudanganya watu, na nyinyi huko Dajitan mnafanya kazi juu ya maji, upepo unapita chini ya nyayo zenu.

Unajua ninachotaka kusema, na nitakisema tena. Marehemu baba yako naye alikwenda kutengeneza daraja lenye paa. Akasimama mtoni siku nzima akipokea magogo, akarudi anakohoa, na mwaka mpya haukumkuta. Sikukukataza ufundi. Nilikuomba tu utengeneze vitanda na makabati kama watoto wa wenzangu. Kitanda kikivunjika, mtu anaanguka kimo cha goti. Lakini wewe na huyo Fundi Zheng wako! Basi angalau siku ya kuweka boriti ya mgongo wa paa usipande juu. Waache wengine wapande, wewe shika kamba chini.

Sasa nikueleze lililonikuta, maana tangu juzi chakula hakishuki.

Wameiba mberoshi wangu.

Ule wa juu ya shamba la chai. Baba yako aliipanda miwili, wake na wangu. Wake ndio jeneza alimolala. Wangu ulikuwa umebaki, unanenepa mwaka hadi mwaka, na kila nikipita naupiga kofi nauambia, "Bado, bado, usiwe na haraka." Nimekwenda kuchuma chai, nakuta mwanga mahali ambapo hapajawahi kuwa na mwanga. Kisiki kimekatwa safi kama tofu.

Ingekuwa wameuchukua kwa boriti ya mgongo, ya daraja au ya ukumbi wa ukoo, ningejua. Watu wenye adabu wakiiba mti wa boriti huacha bahasha nyekundu yenye pesa juu ya kisiki. Mwenye mti hutoka akalaani siku mbili tatu, kwa sababu laana yake ndiyo nguvu ya boriti, kisha kila mtu anarudi kwenye kazi zake. Ndivyo tulivyolelewa. Nimeitafuta bahasha chini ya kila jani. Hakuna. Basi huyu si mwizi wa boriti. Huyu ni mwizi tu, amekwenda kuuza.

Nimepanda kwenye mwinuko nikalaani hadi sauti ikakauka. Nimesema mkono uliokata mti ule usishike tena vijiti vya kulia. Nimesema maji yambebe aliyeondoka nao, asipatikane hata kiatu chake. Nimesema mengine ambayo mama hamwandikii mtoto. Chunxiang jirani akatoa kichwa dirishani: "Yuejiao, punguza, kuku wangu wameacha kutaga!" Nikamwambia, "Kuku wasio na hatia wanaogopa nini?"

Nitazikwa ndani ya nini, A-Gen? Ndani ya mkeka?

Vaa fulana.

Mama yako


Dajitan
Siku ya kumi na nne, mwezi wa tatu

Mama,

Nimekula. Nyama ya nguruwe iliyokaangwa na machipukizi ya mianzi, mabakuli mawili. Fulana imefika, nimeivaa, nimetoka jasho.

Hapa kazi inakwenda. Tumefungua paa lote na kuhesabu magogo ya tao moja moja, kila moja tumelitia alama kwa wino ili lirudi mahali pake. Ungeliona tao lenyewe! Magogo yamepishana kama vijiti vya kikapu, hili limelikalia lile, lile limelishika jingine, wala hakuna msumari. Moja lina jina la fundi aliyelijenga enzi za wafalme, miaka zaidi ya mia mbili iliyopita, na wino bado mweusi. Nimelichonga kidogo, likanukia kama limekatwa jana. Lakini pale vigae vilipovunjika na mvua ikapata njia, gogo limekuwa laini, unalichota kwa kidole. Fundi Zheng anasema daraja si magogo, daraja ni kofia yake. Wakubwa wa wilaya walitaka kulibomoa wamwage zege. Wanawake wa hapa wakaja na viti vyao, wakaketi katikati ya daraja wakifuma sweta mpaka wakubwa wale wakaondoka.

Pole kwa mti, Mama. Pole sana. Nina swali moja, usinicheke. Bado unalaani? Kwa sauti? Kama bado, usiache. Mtu akiibiwa aseme, asikae na uchungu moyoni. Laani vizuri.

Kuhusu jeneza usiogope. Mtoto wako ni seremala.

A-Gen


Houlong
Siku ya ishirini na mbili, mwezi wa tatu

A-Gen,

Barua hii haikuandikwa na wewe. Maneno ni yako, uongo wa mabakuli mawili ni wako, lakini mwandiko si wako. Wewe mistari yako inapanda kama mtu anayekwea mlima, tangu ukiwa darasa la kwanza. Hii imenyooka. Nani kakuandikia, na kwa nini? Mimi nilijifunza kusoma ukubwani, usiku kwa taa ya mafuta, pamoja na wanawake waliokuwa wanasinzia. Sijui mengi, lakini mwandiko wa mwanangu naujua.

Na tangu lini ukanihimiza nilaani? Mwaka jana nilipomlaani muuza mbolea ulinifunika mdomo kwa mkono.

Hata hivyo nimelaani, ndiyo. Asubuhi kabla ya kulisha nguruwe na jioni baada ya kulisha. Chunxiang ameanza kuleta kiti.

*

Niliacha kuandika jana. Naendelea leo.

Dereva wa trekta amepita. Nimempa chai, akawa anasimulia habari za Dajitan, jinsi boriti mpya ya mgongo ilivyolazwa juu ya vigoda, imefungwa kitambaa chekundu, na hakuna anayeruhusiwa kuiruka. Akasema, "Mberoshi mzuri sana, mama, umenyooka kama uzi. Ila kuna kitu cha ajabu, una msumari wa zamani umeota kutu ndani yake, usawa wa kifua cha mtu kama mti ungekuwa umesimama."

Bakuli likaniponyoka.

Msumari ule uliugongomea wewe, ukiwa na miaka saba, utundike kizimba cha chiriku wako. Nilikuchapa kwa ajili yake. Nikakuambia umelitoboa jeneza la mama yako.

Ni wewe, A-Gen. Wewe ndiye mwizi.

Na Chunxiang, nilipopiga kelele, akaja mbio, akasikia, akakaa chini. "Bahasha nyekundu?" akasema. "Yuejiao, mbuzi wangu wiki ile alikuwa anatafuna kitu chekundu. Nilidhani ni karatasi za mwaka mpya." Nilimtazama tu yule mbuzi.

Nimelaani mkono, mwanangu. Niliulaani kwa moyo wote, siku baada ya siku, nikisimama mahali pa juu ili mbingu zisikie. Na barua yako imeandikwa kwa mkono wa mtu mwingine.

Mkono wako una nini?

Siku ya kumi na tano ya mwezi ujao ni siku ya Bibi wa Maji. Nitakwenda hekaluni kwake nikafute neno baada ya neno. Nayarudia yote jikoni nisije nikasahau moja likabaki. Nijibu kwa mkono wako mwenyewe, hata mstari mmoja.

Mama


Dajitan
Siku ya ishirini na saba, mwezi wa tatu

Mama, usiende hekaluni. Nakupigia magoti.

Ndiyo, ni mimi niliyewaongoza mafundi mlimani. Bahasha tuliiweka, tena chini ya jiwe. Sikujua kuna mbuzi mwenye nguvu za kusogeza mawe.

Nisikilize kwanza. Fundi Zheng alitaka mberoshi wa upande wa jua, ulionyooka, wenye machipukizi kama watoto miguuni, na mwenyewe awe mtu wa kukasirika kweli. Mti wa namna hiyo upo. Mtu wa namna hiyo siku hizi hayupo. Kule bondeni tulinyatia mmoja, mwenyewe akatuona, akatukaribisha chai! "Chukueni tu," anasema, "ni kazi ya wote." Fundi Zheng alinung'unika njia nzima: "Boriti ya zawadi! Si afadhali niweke mpini wa ufagio." Akatuuliza nani anamjua mtu anayelaani sawasawa. Mama, katika wilaya hii yote mimi namjua mmoja tu.

Nilijua ni jeneza lako. Nilisema moyoni, nitamtafutia lingine zuri zaidi, nitalichonga mwenyewe, atanisamehe. Ulipoandika yale ya mkeka nilitoka nje nikakaa kando ya mto.

Sasa kuna shida. Watu wa Dajitan wamejua mwenye mti ni mama yangu. Mzee Lai wa kamati ya daraja anasema mtu hawezi kuiba kwao, basi boriti hii haikuibwa, na boriti isiyoibwa haipandi. Wengine wanasema mama hawezi kumlaani mwanawe, laana zilikuwa za mchezo. Ukizifuta ndiyo mwisho, wataikataa mbele yetu. Na hakuna muda wa kutafuta nyingine. Bila boriti ya mgongo hakuna paa, bila paa hakuna vigae, na vigae ndivyo uzito unaolikalisha tao. Daraja lililo wazi ni jepesi. Tufani ikija, mto ukipanda, utalinyanyua kama kofia ya mtu. Miaka mia mbili, Mama, itakwenda baharini vipande vipande, na itakuwa sisi tuliolivua paa.

Mkono umechubuka kidogo tu. Deshun, mwenzangu kazini, ananiandikia kwa sababu ana mwandiko mzuri.

A-Gen


Houlong
Siku ya kwanza, mwezi wa nne

A-Gen,

Umechubuka kidogo. Baba yako naye alikuwa na "kikohozi kidogo".

Nimeshanunua ubani. Daraja la miaka mia mbili silijui, halikunyonya kwangu. Wewe nakujua. Likienda baharini watu wa Dajitan watavuka kwa mtumbwi. Wewe ukienda baharini mimi nitavuka kwa nini?

Kama mkono ni mzima, kwa nini hukuandika mstari mmoja? Niliomba mstari mmoja.

Naenda siku ya kumi na tano.

Mama


Dajitan
Siku ya tano, mwezi wa nne

Mama A-Gen,

Mimi Zheng si mtu wa barua. Nitasema mambo kama yalivyo, na mwanao akijua nimesema atanuna, anune.

Mkono wake ulibanwa na gogo tulipokuwa tunashusha boriti ya zamani. Vidole viwili vilivunjika. Mganga amevifunga kwa vijiti vya mianzi, vinapona, jana alishika bakuli. Alinikataza nisikuambie. Lakini angalia hili: aliumia kabla hatujapanda mlima wenu. Mti wako ulikuwa bado umesimama. Laana yako, mama, ilichelewa.

Na la pili. Yeye hakuukata. Hakuweza kushika hata shoka. Alisimama pembeni amekiweka kiganja chake kizima juu ya ule msumari, mpaka nikamwambia asogee. Niliyekata ni mimi. Mkono ulioulaani ndio huu unaokuandikia. Tazama mwandiko kama unatetemeka. Nimelaaniwa na wenye miti tangu nikiwa kijana wa ndevu za kwanza, na vijiti vya kulia bado nashika, tena chakula kikiwa kizuri nashika haraka kuliko wote.

Msumari nilitaka kuung'oa. Chuma ndani ya boriti si desturi yetu. Mwanao akaniomba niuache. Nimeuacha.

Sasa kazi. Mzee Lai na wenzake wameweka mikono kifuani. Wanasema laana hawakuisikia kwa masikio yao. Boriti inapanda siku ya kumi na nane, au haipandi kabisa. Siwezi kukuamuru. Ila kama mtu aliyeibiwa angetokea siku hiyo kwenye ukingo wa mto, akasema ya moyoni mwake mbele ya watu wote, hakuna mzee ambaye angeweza kufungua mdomo tena.

Mwanao lazima awe juu. Mimi magoti yamekwisha, Deshun anaogopa. Jina lake litaandikwa kwa wino kwenye boriti, chini ya langu, na mwenye jina ndiye anayeipokea boriti. Nakuambia ukweli ili usije ukaukuta huko.

Zheng


Houlong
Siku ya nane, mwezi wa nne

Fundi Zheng,

Nimesoma barua yako nikacheka peke yangu kwa furaha, kwamba si mkono wa mwanangu. Kisha nikaona haya. Na wewe ni mtoto wa mtu. Kama mama yako hayupo tena, nitakuchomea ubani mimi, kwa ajili ya huo mkono. Usinishukuru.

Vidole viwili. Alisema amechubuka. Mwambie nimejua.

Nitakuja. Hekaluni siendi, au nitakwenda tu kumwomba Bibi anipe nguvu ya miguu kwenye mpando. Lakini nina masharti, na ukivunja moja narudi njiani. Afungwe kamba kiunoni, kamba mpya, fundo ulifunge wewe. Ule mkono usiguse boriti. Yule jogoo wa kuchinjwa, wa kuipaka boriti damu, abebwe na mtu mwingine, jogoo wanarusha miguu.

Na kuna jambo linanila. Laana ya mkono umenitoa hofu. Ya maji bado. Nilisema maji yambebe aliyeondoka na mti wangu, na aliyewaongoza ni yeye. Wewe unasema nisifute. Haya, sifuti. Lakini nikifika hapo nitalaani kwa maneno yangu mwenyewe, ninayoyachagua mimi, na mtu yeyote asinifundishe. Nimeanza kuyatafuta. Naosha mchele nayatafuta. Chunxiang ananisaidia, anayo mengi, nilikuwa simjui mwanamke huyu.

Yuejiao, mama yake A-Gen


Dajitan
Siku ya ishirini na moja, mwezi wa nne

Mama,

Huu mwandiko mbaya ni wangu, kwa mkono wangu. Kidole kimoja bado hakipindi, kwa hiyo mistari inapanda kuliko zamani. Umefika salama? Magoti je? Ungekubali kulala hata usiku mmoja, wanawake wa hapa walikuwa wanagombania wewe ulale kwa nani.

Watu hawana habari nyingine. Jana mtu ananipita njiani ananipigia kelele: "Uishi mpaka meno yote yang'oke, mwizi we!" Mwenye duka ameninyima kibiriti mpaka nimwambie maneno yote kwa mpangilio. Nikamwambia siwezi, mimi nilikuwa juu, masikio yamejaa upepo.

Nilikuona kabla hujaniona. Umevaa koti la bluu, umesimama juu ya lile jiwe wanapofulia nguo, mdogo hivi. Nilidhani utashindwa. Nilidhani utalia tu. Kisha ukamwuliza Mzee Lai kama yeye ameshalala ndani ya jeneza lake akalipima. "Mimi nimeibiwa langu! Nalitazama lile pale juu, na mwizi amelikalia kama amepanda nyati!" Mama, ulikuwa unalia kweli. Mzee Lai akashusha mikono.

Halafu ukaanza. Mwizi we, uote mvi mpaka kwenye nyusi! Upate mke mwenye ulimi kunishinda mimi! Watoto wako wakuibie kila unachokitundika, wajukuu wakupande kichwani na miguu ya matope! Kila mto unaouvuka ukuchoke, ukuteme ukingoni, ukuambie nenda zako, nenda, hatukutaki! Uzeeke mpaka usahau jina langu, na bado usife!

Kulikuwa na ajuza mmoja karibu na nguzo, hana meno, akamwambia mwenzake kwa sauti tuliyoisikia mpaka huku juu: "Huyu ameibiwa kweli kweli." Basi. Hapo Fundi Zheng akapiga nyundo ya ishara kutoka chini na boriti ikaketi mahali pake, sikuhisi hata uzito.

Ile keki ya mchele iliyokupiga kichwani nilikulenga. Ni desturi kurusha keki kutoka juu, wala si kosa.

Jina lako halikuandikwa. Mwizi haandiki jina la aliyemwibia. Lakini tao lote lile halina msumari hata mmoja, paa limefungwa kwa ulimi wa mti unaoingia tunduni, na katikati kabisa juu ya njia, mtu akiinua macho, ataona mmoja wenye kutu. Watu watauliza.

Vigae tunaanza kesho. Fundi anatazama mawingu kuliko anavyotazama kazi.

Mwizi wako,
A-Gen


Dajitan
Mwezi wa sita, siku ya pili

Mama. Lipo. Nami nipo. Barabara imekatika, nampa barua hii mtu anayekwenda kwa miguu.

A-Gen


Houlong
Mwezi wa sita, siku ya saba

A-Gen,

Ndiyo barua hiyo? Lipo, nami nipo? Mtu kavuka milima miwili na matope mpaka mapajani kuniletea maneno hayo! Nimempa mayai manne na bado naona nimemdhulumu.

Tufani ilipoingia nilikuwa nimefunga milango yote. Mto wetu huu mdogo ukaanza kuvuma kama lori, nikajua, kama huu unavuma hivi, wa kwenu ukoje. Sikukaa. Niliingia nikatoka, nikakoroga uji nikaumwaga, nikaukoroga tena. Chunxiang akaja na mvua ile, na yule mbuzi wake chini ya kwapa kwa sababu banda limeanguka, tukakaa watatu jikoni. Akaniuliza, "Ile ya maji uliisema mara ngapi?" Nikamwambia nyamaza. Akasema, "Basi na mimi nasema hii: kila mto unaouvuka ukuchoke, ukuteme ukingoni." Akaisema tena. Tukaisema pamoja mpaka mvua ikapungua, wanawake wawili wazima na mbuzi. Usimwambie mtu.

Sasa eleza vizuri. Maji yalifika wapi? Ulikuwa wapi wewe yalipofika hapo? Usiniambie ulikuwa juu ya daraja. Mtu huyu wa miguu amesema watu wa Dajitan walibeba mawe na mitungi ya maji wakaviweka darajani kuongeza uzito, na kwamba fundi mmoja kijana alikuwa anakwenda na kurudi. Nikamwuliza ana vidole vingapi vizima. Akaniona nina wazimu.

Usinijibu hilo. Umeandika nipo, yatosha. Nimeibandika juu ya jiko.

Nina habari yangu. Mvua ilipokatika nilipanda shamba la chai kutazama kama udongo umeporomoka. Haukuporomoka. Nikaenda pale kwenye kisiki, nilikuwa sijapatazama tangu siku ile, nilikuwa napita kwa njia ya chini. Kimechipua, A-Gen. Pande zote, machipukizi ya kijani, laini, yamesimama kama watoto wanaosubiri kugawiwa chakula. Moja limenyooka kuliko mengine. Hilo nimelizungushia miiba mara mbili, kwa ajili ya mtu fulani mwenye pembe.

Nimelipima kwa macho. Mpaka lifikie unene wa kumbeba mtu, watoto wako watakuwa wameshaota ndevu, na hata mke huna. Kwa hiyo umenitia kazini. Sina jeneza, siwezi kufa. Itabidi ningoje.

Na usinichongee lingine. Nimeshasema nangoja hili.

Njoo mwezi wa saba, kuna kuku. Njoo kwa njia ya juu, usivuke pale chini penye mawe, maji bado yamejaa.

Mama yako, mwenye mti